Warsha ya siku tatu kwa wasanii wa sanaa za ufundi, Chake Chake: tuweke nini?

Mkoroshoni:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Kikundi chetu kimepata ukumbi wa skuli hapa Chake kwa siku tatu, baada ya Sikukuu. Washiriki ni 25: wachoraji ndio wengi, wachonga milango watano, na kina dada wa hina. Hatutaki kufundishana kuchora, watu kazi yao wanaijua. Tunataka yale yanayowakwamisha nje ya kazi yenyewe: bei, picha za kazi, maelewano na wenye maduka ya Unguja, usafirishaji. Fedha ni kidogo, mwezeshaji tunaweza kumlipa mmoja tu. Tupange vipi ili watu wasirudi nyumbani na daftari tupu na cheti?

KitambaaCheusi:
Wa alaykumu salaam. Watu 25 kwa mwezeshaji mmoja ni wengi. Wagawe makundi matatu: moja liwe na mwezeshaji, mengine mawili yafanye mazoezi yenye karatasi ya maelekezo. Jumatatu mpaka Jumatano ni bora, Ijumaa inakatika mapema. Kila mtu aje na kazi tano zilizokamilika na futi kamba. Asiye na kazi mkononi hana la kufanya siku ya kwanza.

La posho liseme mapema: nauli na chakula, basi. Ukitangaza posho ya kikao ukumbi utajaa, lakini si kwa wasanii.

Siku ya kwanza iwe ya picha, na simu inatosha. Futa lenzi. Toa kazi barazani penye kivuli, saa 3 hadi saa 4 asubuhi. Juani rangi zinapauka, na flashi inaacha doa jeupe katikati. Isimamishe wima, simu iwe usawa wa katikati ya kazi, si juu si chini. Ukiinamisha simu kidogo tu, mstatili unatoka mwembamba upande mmoja. Rudi nyuma kisha vuta mara 2, maana lenzi pana ukiikaribisha hupinda kingo.

Kazi za rangi ya kung'aa ya makopo, zile za mtindo wa Tingatinga, zina tabu yake: zinaakisi kila kitu kama kioo. Tundika kaniki nyuma ya mpiga picha, naye avae nyeusi. Akisimama na kanga nyekundu, wekundu ule utaonekana kwenye bahari uliyoichora. Kuta za skuli zilizopakwa kijani nazo humwaga rangi, kwa hivyo kaa mbali nazo. Weka karatasi nyeupe pembeni ya kazi, halafu rekebisha rangi kwenye simu mpaka karatasi ile ionekane nyeupe kweli, ndipo ukate kingo za picha karatasi itoke.

Kutuma kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, si kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, na mwenye duka akitaka kuichapisha inatoka ukungu mtupu. Jina la faili: jina lako, kichwa cha kazi, mwaka, kimo kwa upana. Kimo ndicho hutangulia. Ukigeuza, fundi wa fremu atakata kinyume.

HesabuKwanza:
Picha ni muhimu, ila mimi ningeanza na bei, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Fanyeni hesabu moja ubaoni kwa kazi halisi. Mfano, mchoro wa sentimita 60 kwa 80, tuseme: kitambaa, mbao na rangi 45,000, siku tatu za kazi kwa 30,000 ni 90,000, brashi, umeme na nauli ya kununua vifaa 10,000. Jumla 145,000. Hiyo ndiyo lazima iingie mfukoni mwako.

Sasa duka linachukua asilimia 40. Wengi wanaongeza asilimia 40 juu ya 145,000, wanapata 203,000, wanaona mambo yamenyooka. Duka likikata asilimia 40 ya 203,000, linaondoka na 81,200, wewe unabaki na 121,800. Umeuza kwa hasara ya 23,200 na hujajua. Hesabu sahihi ni kugawa: 145,000 kwa 0.6, inatoka kama 241,700. Panda mpaka 245,000.

Kisha pata kipimo cha kazi nyengine. Jumlisha kimo na upana: 60 na 80 ni 140. Gawa 245,000 kwa 140, unapata 1,750 kwa kila sentimita. Mchoro wa 30 kwa 40 ni 122,500, wa 100 kwa 120 ni 385,000. Kuna wanaozidisha kimo kwa upana, lakini hapo kile kidogo kinashuka mpaka kama 61,000 na kikubwa kinaruka mpaka zaidi ya 612,000. Kidogo hakilipi kazi yake, kikubwa hakiuziki.

Na bei iwe moja, barazani kwako na dukani. Mtalii akikuta kazi ileile kwako kwa nusu, mwenye duka atakurudishia zote wiki ileile, tena ana haki.

Mkoroshoni:
Shukran sana. Kina dada wa hina je, wao hawana turubai? Na la maelewano na maduka halijaguswa.

HesabuKwanza:
Kwa hina badala ya sentimita tumia dakika. Mkono mmoja mpaka kiwiko umechukua muda gani, ongeza hina na mafuta, na muda wa kwenda hotelini na kurudi. Huo wa njiani ndio husahauliwa.

BintiMalindi:
Maalim, maelewano yote ya mali kauli, yaani kazi unaiacha dukani na unalipwa ikiuzwa, yawe karatasi moja, nakala mbili, sahihi mbili. Ichapisheni kabla ili washiriki waijaze hapohapo ukumbini. Orodha ya kazi na picha zake, bei ya kuuzia, fungu la kila mmoja. Malipo ndani ya siku 14 tangu kuuzwa, si "nikipata nitakuita". Muda miezi mitatu, kisha kazi ibadilishwe au irudi. Kazi ikiharibika au ikipotea dukani, duka lilipe fungu la msanii kamili.

Kifungu kinachosahaulika ni punguzo. Mtalii lazima ataomba. Andikeni kwamba mpaka asilimia 10 duka linatoa kwenye fungu lake, zaidi ya hapo msanii apigiwe simu kwanza.

Halafu hakimiliki. Kuuza mchoro si kuuza ruhusa ya kuuchapa kwenye fulana na vikombe. Hilo ni karatasi nyengine na malipo mengine. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, na taasisi yake ni COSOZA. COSOTA ni ya Bara. Msimpeleke mtu dirisha lisilo lake. Hifadhi picha za mchoro ungali haujakamilika, zenye tarehe. Ukizuka mgogoro, aliyenakili hana picha za hatua za katikati.

BombaLaInchiNne:
Usafirishaji kwa ufupi. Turubai lisikunjwe, lizungushwe, na upande wa rangi uwe nje. Ukiuweka ndani rangi inabanwa na kujikunja, ukifungua inapasuka. Nunua bomba la plastiki la maji la inchi 4, zungushia turubai kwa nje yake. Bomba jembamba linavunja rangi. Baina ya tabaka weka karatasi ya kuokea keki. Gazeti linaacha wino, na nailoni juu ya rangi ya akriliki inanata kwa joto la kwenye boti. Rangi ya makopo huwa kavu juu na mbichi chini, kwa hivyo bonyeza pembeni kwa kucha: alama ikibaki, isisafiri. Kazi zilizochorwa kwenye mbao ngumu za hadibodi hazizungushwi, zifungwe mbili mbili zikitazamana, na vipande vya kadibodi kwenye pembe nne ili nyuso zisigusane.

Wachonga milango wasipake mafuta wiki ya safari, vumbi lote la bandarini litaganda humo.

Na mwambieni mwenye duka la Mji Mkongwe asitundike kazi ikagusa ukuta. Kuta zile za mawe na chokaa zinanyonya maji, na Masika kuvu huanzia nyuma ya turubai kabla hakijaonekana mbele. Gundisheni vipande vya kizibo vya sentimita moja kwenye pembe za chini za fremu, hewa ipite. Hivyo vizibo mvigundishe hukohuko Chake, siku ya tatu. Msimwachie yeye.