Tupeane uzoefu: kazi yako ya mtandaoni ulipoomba kupandishwa cheo

Mwalimu_Kakamega: Walimu wenzangu wa vyuo, leteni visa. Nianze na changu. Miaka 6 nilizunguka vijijini nikirekodi wazee wakisimulia hadithi za Kiluhya, nikazipakia kwenye tovuti, sauti na tafsiri. Nikaomba cheo cha mhadhiri mwandamizi. Fomu ina nafasi ya vitabu, sura za vitabu na makala za majarida, basi. Nikaambiwa, "Printi uambatishe." Saiba wakanitolea kurasa 312 na springi pembeni. Mbele ya jopo, profesa akafungua katikati: "Bonyeza hapa usikilize." Akafunua tena: "Bonyeza hapa usikilize." Akanitazama juu ya miwani: "Daktari, nibonyeze wapi?" Walicheka, nami nikacheka kwa uchungu.

Jirani_wa_Njoro: Pole, ila usingekubali kuprinti. Mwongozo wa 2015 wa American Historical Association, chama cha wanahistoria wa Marekani, unasema wazi kazi ya kidijitali ikaguliwe huko huko iliko, isichapishwe kwenye karatasi. Mimi niliubeba, nikaomba projekta. Stima ikapotea! Wanajopo watano wakainamia simu yangu. Waliipenda kazi, kisha alama wakaziandika chini ya "huduma kwa jamii", si utafiti.

Mama_Kondele: Hiyo huduma kwa jamii ndiyo kaburi letu. Korona ilipofunga vyuo Machi 2020, nilirekodi masomo usiku watoto wakilala, bando langu mwenyewe. Hadi leo wanafunzi wa vyuo vingine wanayatumia. Alama sikupata hata moja.

Mzee_wa_Jopo: Nimekaa upande wa pili wa meza, na sio roho mbaya. Makala ya jarida huja ikiwa imeshapitiwa na wataalamu. Tovuti yako nani ameipitia? Siku moja nilifungua kiungo cha mwombaji, likatokea duka la viatu. Jina la tovuti lilikuwa limeisha, halikulipiwa. Nakubali fomu zetu zimepitwa, maana hata Azimio la San Francisco la 2012, lile la namna ya kutathmini utafiti, linahesabu data na programu kuwa matunda ya utafiti. Lakini nisaidieni: wataalamu wawili wa fani yako waandike tathmini, na nakala iwekwe kwenye hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo.

Mwalimu_Kakamega: Mzee, hiyo ya viatu imenishtua. Jina la tovuti yangu linaisha Novemba. Ngoja nilipe kwanza, nitarudi.