Naomba ushauri: pikapu ya kuvuta faiba (boti ya fiberglass) na kuingia mashamba, Pemba

Asalam aleikum ndugu zangu, nipo Wete nataka kununua pikapu dabo kebini foo wili, dizeli, ya mtumba lakini nzima. Kazi yake kubwa ni kuvuta faiba kwa treila, mashua na mashine yake na mafuta inakaribia tani moja na nusu, na pale pwani maji yakitoka treila linazama kwenye tope nyuma linavuta tu, sasa gari isiyo na nguvu injini ikizunguka polepole huunguza klachi hapo hapo. Msimu wa karafuu niingie mashamba ya ndani, na masika njia utelezi mtupu, na mara moja moja nawapakia wasasi na mbwa wao maana nguruwe wanatumalizia mihogo.

Nimeangalia Hilux 3.0 D-4D, D-Max 3.0 na Ranger 3.2. Ranger naipenda kwa kuvuta, ina silinda tano, ila spea huku nina wasiwasi nazo. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ndo roho inataka, haina tabo wala mambo mengi, bei tu.

Anaevuta boti na maji ya chumvi, ipi chesesi inahimili kutu? Na manyuo au otomatiki?