Fundi umeme aliyeajiriwa: kufunga umeme wa nyumba, kufunga sola, au kusuka mota?

Igogo_Mwanza ameandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda kimoja hapa Mwanza, nina cheti cha VETA cha ngazi ya tatu, na kazi yangu ya kila siku ni matengenezo ya mota, pampu na paneli za kuendeshea mitambo. Zamu yangu huisha saa 11 jioni, na Jumapili sina zamu. Ningependa ujuzi huu uniingizie kipato cha pembeni bila kuacha ajira, na nimebakiwa na njia tatu: kufunga umeme katika nyumba mpya, kufunga sola, au kufungua karakana ndogo nyumbani ya kusuka mota zilizoungua, yaani kuzifunga upya koili zake za waya. Mtaji wangu unatosha vifaa vya njia moja tu. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie, hasa kwa upande wa muda, kwa kuwa bei za mtaani nimeshaziulizia.

Nyasaka ameandika:

Kazi ya nyumba ndiyo ninayoifanya, na kwa mtu mwenye zamu siipendekezi iwe ya kwanza. Haiji kwa mkupuo. Huja vipande vipande, na siku ya kila kipande hupangwa na watu wengine. Ikiwa ni ghorofa, mabomba ya kupitishia waya lazima yalazwe kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, na zege humwagwa asubuhi ya siku ya kazi, wakati wewe uko kiwandani. Halafu kuna kupasua kuta kabla ya lipu, kungoja lipu ikauke, kuvuta waya, na mwishoni kufunga soketi, swichi na bodi baada ya rangi. Katikati ya hatua hizo mwenye nyumba anaweza kuishiwa, nyumba ikakaa kwenye lenta mwaka mzima, na malipo yako yakakaa nayo.

Lipo pia suala la leseni. Mteja anapoomba kuunganishiwa umeme, TANESCO huhitaji fomu ya mfumo wa nyaya iliyogongwa mhuri na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati nchini. Usipokuwa na leseni utafanya kazi chini ya mhuri wa mwingine, naye ana haki ya kudai sehemu yake, kwa sababu nyumba ikiungua ni yeye atakayeulizwa. Kwa cheti chako ningeanza kuiomba leseni ya daraja linalokufaa sasa hivi, njia yoyote utakayoichagua.

Kilifi_Jua ameandika:

Salamu kutoka Kilifi. Huku kwetu Kenya fundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mdhibiti wa nishati, kuanzia T1 kwa mifumo midogo hadi T3 kwa ile mikubwa, na sheria za kwenu zitakuwa na utaratibu wake. Faida ya sola kwako ni kwamba mfumo wa nyumba ya kawaida unaweza kuukamilisha Jumapili moja, ukiwa umekwisha kufanya hesabu na kununua vifaa kabla ya siku hiyo.

Hata hivyo, usiangalie siku ya kufunga peke yake. Angalia miezi inayofuata. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 200 (saa-ampea) ina Wh 2,400 (saa-wati, yaani volti mara Ah) kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, yaani Wh 1,200. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano ni Wh 400, na taa sita za wati 7 kwa muda huohuo ni Wh 210. Umemfungia mteja mfumo unaotosha na nafasi imebaki. Baada ya mwezi ananunua friji, hakuambii, na majira ya mawingu yanapofika betri inashuka kila usiku hadi inakufa, kisha anakupigia simu akidai umemuuzia betri mbovu. Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa kwa kina zaidi, ila bei yake huwakimbiza wateja wengi. Mimi huandika orodha ya vifaa vilivyokubaliwa, mteja akatia saini, na nakala moja naibandika ndani ya kisanduku cha betri. Tangu nianze kufanya hivyo mabishano yamepungua sana.

Karakana_Moro ameandika:

Ndugu Igogo, kwa maelezo yako jibu ni mota, nami nalisema kwa uhakika. Mota huletwa kwako, huisubiri jioni yako, na haijali kama utaisuka saa 2 usiku au Jumapili mchana. Tena ni kazi ambayo umekwisha kuizoea kiwandani.

Angalia kazi zinazokuja. Pampu ya maji ya fezi moja inaletwa ikiunguruma bila kuzunguka, na mwenye nayo ameambiwa mota imeungua. Kabla hujagusa koili, izungushe kwa mkono usikie kama beringi zimekwama, kisha pima kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Mara nyingi tatizo ni kapasita, na ukimwambia mteja ukweli huo ukamtoza kidogo, atakuletea majirani zake wote. Kundi la pili, lenye fedha, ni mota za fezi tatu za mashine za kusaga nafaka, ambazo huungua fezi moja inapokatika huku mashine ikiendelea na mzigo. Hapo hesabu mizunguko ya waya wa zamani, pima unene wake kwa maikromita, chora mpangilio wa koili, na uandike yote daftarini kabla ya kung'oa chochote. Ukimaliza kusuka, weka vanishi na uikaushe kwa joto, siyo kwa kuianika tu, kisha pima insulesheni (kinga inayozuia umeme kuvuja kutoka kwenye koili) kwa mega, kipimio chake, ya volti 500.

Kilifi_Jua ameandika:

Nakubaliana na mwenzangu, isipokuwa kwa pampu ndogo. Pampu ya nusu hosipawa kusukwa ni hasara, kwa sababu waya, vanishi na kazi vinaikaribia bei ya mpya. Nazo mota za mashine za kusaga hazibebwi na mtu mmoja, kwa hiyo hesabu ya mtaji iingize winchi ya mnyororo na mahali imara pa kuitundikia.

Bi_Hesabu ameandika:

Naongeza upande wa makaratasi. Soma mkataba wako wa ajira uone unasemaje kuhusu kazi za nje, na vifaa vya kiwandani visitoke hata kwa usiku mmoja, kwa sababu ndilo jambo linalowafukuzisha mafundi wazuri. Sajili jina la biashara BRELA, pata TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, kisha leseni ya biashara ya halmashauri. Malipo ya awali yasipungue gharama ya waya wa shaba na vanishi. Mteja asiporudi, angalau fedha yako haijalala ndani ya mota yake.

Igogo_Mwanza ameandika:

Nawashukuru nyote. Nimeamua kuanza na mota, na ombi la leseni ya EWURA nitalishughulikia sambamba. Limebaki swali moja: nyumbani nina umeme wa fezi moja. Mota ya fezi tatu nitaijaribuje kabla ya kuikabidhi?

Karakana_Moro ameandika:

Pima ukinzani wa koili zote tatu. Ukilingana, umevuka hatua kubwa. Ili izunguke, tafuta inveta ya kuendeshea mota inayopokea volti 230 za fezi moja na kutoa fezi tatu za volti hizohizo. Soma kibao cha mota: ikiandikwa 230/400 (namba ya kwanza ni volti za delta, yaani koili tatu zikiungwa kwa pembetatu), iunge kwa delta nayo itazunguka bila mzigo bila shida. Zilizoandikwa 400/690 usizikamilishie nyumbani. Hizo kubaliana na mteja tangu mwanzo kwamba zitajaribiwa kwenye mashine yake, nawe ukiwepo.