Tasnifu yangu imepimwa kwa kiganja kama korosho za kangomba

Mwana wa Tandahimba ameandika:

Wakuu, naandika nikiwa bado nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi wangu, mikono inatetemeka, na kwa kuwa wote mliosomea hapa Mtwara mnamjua ninayemsema, sitamtaja. Rasimu ya tasnifu niliyomwachia miezi minne iliyopita, kurasa 94, sura zote tano, nimeikuta palepale nilipoiweka, chini ya chupa ya chai. Hakuifungua. Aliiweka kwenye kiganja cha kushoto, akaipandisha na kuishusha mara mbili kama mnunuzi wa kangomba, ule ulanguzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, anayekadiria korosho za watu gizani, akasema, "Hii bado nyepesi," kisha akanirudishia. Alikuwa anatafuna korosho za kukaanga, na dole gumba lake limeacha alama ya mafuta juu ya jina langu. Hayo ndiyo maoni yote niliyopata.

Mnajua rasimu hiyo imetoka wapi? Aliniagiza fasili za istilahi zikae sura ya kwanza. Nilipoziweka akaniuliza ni nani aliyenituma, akazihamishia sura ya pili. Kiunzi cha nadharia kimesafiri kati ya sura hizo mbili kuliko basi la Newala. Nimeandika kuhusu mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kukabidhi mazao ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri yauzwe ndipo alipwe, ambao kwenye korosho za mkoa wetu ulianza mwaka 2007, na nimekaa vijijini msimu mzima nikihoji wakulima ambao kabla ya kujibu swali la kwanza la dodoso walitaka niwaambie malipo yao yanaingia lini. Sura ya nne nimeigawa kwa malengo mahususi matatu, kila lengo na sehemu yake, kama alivyotaka yeye mwenyewe. Angefungua hata ukurasa wa tabaruku tu, amwone mama yangu. Lakini alipima, wakuu. Kwa kiganja!

Binti wa Shangani:

Pole sana kaka, ila shukuru kwamba wewe umepimwa uzito. Mimi alibana sura yangu ya pili kati ya vidole viwili, akaitazama ubavuni kama mkate, akaniambia mapitio ya maandiko hayajafika unene wa kidole.

Mzee wa Viambatisho:

Mwana wa Tandahimba, kabla hatujakulilia, tuambie katika kurasa hizo 94 viambatisho ni kurasa ngapi.

Mwana wa Tandahimba:

Arobaini na moja. Lakini hiyo siyo hoja, mzee wangu. Hoja ni kwamba hakufungua.

Mzee wa Viambatisho:

Basi kiganja kimesema kweli. Ukiondoa dodoso, mwongozo wa usaili na barua za kibali kuanzia mkoa, wilaya, kata hadi kijiji, unabaki na kurasa 53, na humo bado kuna ikirari, tabaruku, shukrani na yaliyomo. Nahisi hata shukrani zako ni ndefu kuliko hitimisho.

Msomi wa Masasi:

Ndugu mleta uzi, tuwekee hapa tamko la tatizo la utafiti kama lilivyo, tulisome sisi ambao hatuna mizani.

Mwana wa Tandahimba:

"Tatizo la utafiti huu ni kwamba wakulima wa korosho wanakabiliwa na matatizo mengi." Kisha naendelea.

Binti wa Shangani:

Kaka, nairudisha pole yangu.

Msomi wa Masasi:

Hapo hakuna tatizo la utafiti, kuna salamu za msibani. Ulitakiwa ueleze mfumo ulikusudiwa umfanyie nini mkulima, kinachotokea sasa ni nini, waliokutangulia wamechunguza wapi na wameacha nini, ili pengo unalotaka kuliziba lionekane kabla msomaji hajafika kwenye malengo. Na ninaapa kwamba sura yako ya pili kila aya inaanza na jina la mtu na mwaka, fulani alisema, fulani naye akasema, kama watu waliopanga foleni ya maji, bila wewe kuwakutanisha hata mara moja wabishane.

Mwana wa Tandahimba:

Hata kama ni hivyo, yeye alijuaje? Sentensi hiyo hakuiona. Foleni hiyo hakuiona. Alama ya mafuta bado ipo, nimeifuta kwa kitambaa imezidi kutanuka.

Mjukuu wa Nachingwea:

Ninyi mna nafuu. Wangu amenikalia kooni nitumie fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, katika sura ya tatu, wakati mimi nafanya usaili wa kina na wazee 12 kuhusu simulizi za Kilwa Kisiwani. Ukiwa na kundi la watu 400 na kiwango cha makosa cha 0.05, fomula hiyo inakudai watu 200. Wazee 200 wenye simulizi hizo nikawafufue? Utafiti wa kimaelezo unasimama pale ambapo anayehojiwa haongezi jambo jipya, lakini nikimweleza hivyo ananijibu kwamba sampuli bila fomula ni umbea.

Msomi wa Masasi:

Umbea wa wazee 12 ukiandikwa vizuri unatosha. Mwandikie nusu ukurasa wa kutetea usampulishaji wa makusudi, uweke kwenye sura hiyohiyo.

Chumvi ya Mikindani:

Sampuli si kitu. Kijana wa steshenari ameniharibia namba za kurasa: kurasa za awali zimepewa tarakimu za kawaida, namba za Kirumi zimeanzia sura ya kwanza, na yaliyomo yanadai kwamba methodolojia iko ukurasa wa 31 wakati iko wa 38. Nawasilisha keshokutwa.

Mjukuu wa Nachingwea:

Huyo kijana aliwahi kunipangia marejeleo kwa majina ya kwanza ya waandishi.

Mwana wa Tandahimba:

Steshenari hiyo inafungwa saa ngapi? Nataka kuchapa upya jalada.

Mzee wa Viambatisho:

Ukifika, mwambie akuchapie yote kwenye karatasi za gramu 100 badala ya zile za 80.

Mwana wa Tandahimba:

Rimu moja wanauza shilingi ngapi?