Notisi ya maji ya getini

Mama Baraka: Majirani, habari za jioni. Kesho asubuhi nabandika hii getini, hebu niangalieni Kiingereza: "Water is usually come on Tuesday and Friday. The gate is usually closed at 10 p.m."

Baba Imani: Si uandike tu Kiswahili mama 😄

Mama Baraka: Wapangaji wapya wa orofa ya tatu hawakijui.

Mwalimu, Namba 9: Kwa maji, toa "is": "Water usually comes on Tuesdays and Fridays." Hiyo "is" imeletwa na "huwa". Mdomoni tunasema "maji huwa yanakuja", tukifika kwa Kiingereza "huwa" inageuka "is". Kumbe "usually" yenyewe ndiyo imebeba ile hu- ya "huja".

Mama Baraka: Mbona ya geti umeiacha?

Mwalimu, Namba 9: Kwa sababu geti linafungwa, halijifungi. "Closed" hapo haisimami bila "is". Sasa mahali pa kuweka "usually": kitenzi kikiwa kimoja, hutangulia, "usually comes". Kikiwa ni "is", "are" au "was", hufuata nyuma, "the tank is usually full". Vikiwa viwili, hujipenyeza katikati, "you can usually find the caretaker downstairs".

Mama Zuhura: Sarufi ya geti iko sawa, lakini maana yake ndiyo itatuletea kesi. "Usually" ni mara nyingi, si kila siku. Mtu akirudi saa sita usiku atamwambia soja notisi yenyewe imesema "usually", leo basi ni ile siku nyingine. Kwa maji iache, kwa sababu kuna Ijumaa mfereji haudondoshi hata tone. Geti ni sheria: "The gate is locked at 10 p.m. every night."

Baba Imani: Tuweke "regularly" basi, si ni kitu kimoja?

Mama Zuhura: Hapana Baba Imani. "Water comes regularly" ni kwamba yanakuja kwa mpango, hayakai sana bila kuja. Ndiyo maana ukiambiwa dawa unywe "regularly", usiruke. "Usually" inaruhusu kuruka. "Normally" ndiyo jamaa yake wa karibu, "water normally comes on Tuesdays" ni sawa kabisa. Lakini "the pump is working normally" maana yake pampu haina hitilafu. Hapo ukiweka "usually" umeharibu.

Baba Imani: Na ile ya "I use to fetch water in the morning"?

Mwalimu, Namba 9: 🤦🏾 Hiyo inamaliza wino mwekundu wa walimu. "Used to" ni ya mambo yaliyokwisha. "Water used to come on Mondays": zamani yalikuja Jumatatu, siku hizi hayaji. Kama bado unateka kila asubuhi, ni "I usually fetch". Na ni "as usual", si "as usually".

Mama Baraka: Nataka kuongeza kwamba Jumapili hayaji.

Mwalimu, Namba 9: "Water does not usually come on Sundays." Kwetu hu- haikubali kukanushwa, ndiyo maana tunazunguka na "huwa hayaji". Kiingereza kinaweka tu "does not" mbele, na ile -s ya "comes" inaanguka. Usiende kwa "unusually" ukidhani ndiyo kinyume. "The bill is unusually high" ni kwamba bili imepita kawaida yake, si kwamba hupanda mara chache.

Mama Baraka: Haya, ya mwisho: "Water usualy comes on Tuesdays and Fridays. It does not usualy come on Sundays. The gate is locked at 10 p.m. every night."

Mama Zuhura: L mbili mama. Ni "usual" na "ly".

Mama Baraka: Nimeona. Mwenye selotepu aniachie kwa soja.