Dumu la lita 20 kwa mtoto wa miaka 7, na bado anapiga makofi!

Mama_Kisenyi (mwanzisha uzi)

Wazazi wenzangu, nina hasira mpaka vidole vinateleza kwenye simu. Mnamjua. Simtaji, hahitaji kutajwa. Yule bwana wa malezi, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola yake inaweza kukata mkate, anayezunguka kumbi zote za Kampala kutufundisha kulea watoto tuliowazaa sisi. Leo asubuhi katoa video mpya, eti namna ya kuwazoesha watoto kazi za nyumbani.

Nendeni moja kwa moja dakika ya nne, kabla ya hapo ni salamu na wadhamini tu. Anaitwa mtoto wa miaka 7. Anakabidhiwa dumu la LITA 20, limejaa mpaka shingoni, halina kifuniko. Alitoe bombani alifikishe mlangoni. Mtoto wa watu analivuta kwa mikono miwili, kila hatua linamgonga muundi, maji yanamwagikia kandambili, anateleza, anapiga goti. Na yule bwana ANAPIGA MAKOFI! "Huyo ndiye mtoto!" Halafu anaigeukia kamera anatuambia: "Nyinyi akina mama wa mjini hamlei, mnafuga."

Mnafuga!! Sisi!

Lita 20 za maji ni kilo 20, dumu lenyewe hujalipima. Mtoto wa miaka 7 ana kilo 22 au 23 hivi, tena akiwa ameshiba. Kwa hiyo kabebeshwa mtoto mwenzake mzima. Wiki ijayo atamfunga kwenye lori la makaa kutoka Nakasongola alivute mpaka Kampala, aseme anamjenga tabia.

Na vidumu vidogo vimejaa sokoni! Lita 3, lita 5, lita 10. Wa miaka 5 au 6 mpe cha lita 3. Wa 7 au 8 mpe cha lita 5, kifuniko kimekazwa, ukiwa huna kifuniko ziba kwa mfuko wa plastiki. Tena vidumu viwili vya lita 3, kimoja kila mkono, ni bora kuliko kimoja kizito, kwa sababu mgongo unabaki wima na mtoto haendi upande upande. Lita 10 subiri miaka 11 au 12. Hiyo ndiyo hesabu yote, hata mwenye kiosko cha maji anaijua.

Lakini yeye kapiga makofi. Mtoto yuko chini na mtu mzima anapiga makofi. Nimemaliza. Sijamaliza. Anapiga MAKOFI jamani.

Binti_Bombo

Dada, asante kwa kusema. Mimi niko dakika ya tisa na huko ndiko kuna maafa. Mtoto anaoshea vyombo kwenye beseni moja, anaanza na sufuria ya mchuzi wa njugu, halafu katika maji yale yale anaingiza glasi. Glasi zinatoka na mafuta unaweza kukaangia mandazi. Kisha bwana anamwambia mtoto azifute kwa kitambaa kile kilichofuta meza.

Vyombo vina utaratibu. Kwanza kwangua mabaki yote kwenye ndoo ya taka. Beseni mbili, moja ya sabuni na maji ya uvuguvugu, ya pili maji safi. Anza na glasi na vikombe, kisha vijiko, kisha sahani, sufuria mwisho kabisa. Maji ya sabuni yakianza kuteleza mkononi yamwage, yamekwisha kazi. Suuza, panga juu ya kichanja vyombo vikiwa vimeinama, jua livikaushe. Kitambaa cha nini? Na sufuria ya kupikia kwenye moto wa kuni, ipake sabuni ya mche kwa nje kabla haijaenda motoni, masizi yatatoka kwa maji tu. Mtoto anayesugua masizi makavu kwa stilwaya nusu saa nzima lazima aichukie kazi.

Fundi_Busia

Mama Kisenyi, umeandika makofi mara ngapi? Yule bwana kapiga mara moja, wewe umeshapiga mara tano. Hasira yote hii na jikoni ni dada wa kazi anayeinua sahani za watoto mezani. Amekuambia mnafuga, umeumia kwa sababu kagonga penyewe.

Vijijini watoto wanachota maji na hawafi. Wanabeba kichwani, na kata ya majani ya mgomba chini ya dumu, uzito unashuka kwenye uti wa mgongo. Kosa la ile video ni kubeba kwa mkono.

Mama_Kisenyi

Fundi, kata haipunguzi kilo hata moja! Shingo ya mtoto wa miaka 7 iwekewe kilo 20 halafu wewe ukapange matofali? Na hata huko kijijini mtoto mdogo anapewa kidumu kidogo, nenda kaangalie foleni ya kisima chochote, kila dumu lina saizi ya mwenyewe. Kwenye video HAKUNA kata. Kuna goti chini na makofi.

Mwalimu_Arua

Nyote mnapiga kelele juu ya dumu, hakuna anayeuliza kwa nini mtoto anakataa kazi hata ukimpa kikombe kimoja aoshe.

Anakataa kwa sababu amri inatoka chumba kingine. "Fagia, osha vyombo, anua nguo, nenda dukani!" Kazi nne kwa pumzi moja. Mtoto wa miaka 6 anashika ya kwanza au ya mwisho. Mpe moja. Mwonyeshe ukiifanya polepole, kisha fanyeni pamoja, kisha afanye wewe ukiwa umesimama pembeni na mikono umeifunga nyuma. Mikono nyuma, nasisitiza, kwa sababu mzazi akiona uchafu umebaki ananyakua ufagio na kurudia kazi mbele ya mtoto. Mtoto keshajua kuwa kazi yake ni bure, na kesho hafagii.

Ukikagua, kagua kitu kimoja. Kama ni kufagia uwanja: je, alinyunyiza maji kwanza? Vumbi la udongo mwekundu lisiponyunyiziwa linaingia ndani na kukaa juu ya vyombo vya Binti Bombo. Je, alifagia akirudi nyuma ili asikanyage alipofagia? Basi. Pembe zilizobaki ni za wiki ijayo. Na kazi ifunge kwenye jambo la kila siku: baada ya uji, kabla ya runinga. Ukisema "saa fulani" utabishana na saa.

Wa miaka 3 au 4 anaweza kupeleka vijiko mezani na kutia soksi beseni. Wa 5 au 6 anachambua mawe kwenye maharage, macho yake ni makali kuliko yenu. Ufagio wake ukate mpini, mrefu unamshinda. Sigiri, yaani jiko la makaa, asiwashe peke yake kabla ya miaka 12, na iwashwe nje, wala isiingizwe ndani eti makaa yamekwisha moshi. Hewa yake inaua bila kutoa harufu.

Baba_Jinja

Tuache dumu, tuzungumze kuhusu wavulana. Huyo bwana na video zake zote hajawahi kumwita mvulana kwenye beseni hata mara moja. Nyumba nzima msichana wa miaka 9 anafua, kaka yake wa miaka 13 anaitwa "mwenye nyumba" na kutafutiwa chaji ya simu. Mwenye nyumba hajui kufua soksi zake!

Shati la shule mvulana wa miaka 10 analiweza. Tope la udongo mwekundu aliache likauke, alikung'ute kwa brashi, ndipo liingie maji, tena ya baridi, kwa sababu tope bichi ukilisugua linazama ndani ya uzi. Kola na mikono apake sabuni ya mche, aloweke dakika 20, asugue kola kwa kola. Nyeupe peke yake. Sweta asilikamue kwa kulisokota, litarefuka mikono mpaka magotini, alikandamize tu. Aanike ndani nje ili jua lisipaushe rangi. Kuna uanamke gani hapo?

Nnyabo_Nakawa

Wavulana tu? Shule je! Kila muhula orodha ya mahitaji: ufagio, brashi ya kusugulia, karatasi za chooni, rimu ya karatasi. Mtoto anakwenda bweni na ufagio mpya, anarudi likizo hajui upande wa kushika. Ufagio ule anaushika nani? Banange, kuna shule zina mifagio ya kutosha kufagia barabara yote mpaka Entebbe, na bado muhula ujao wataomba mwingine. Hapo ndipo mnapotakiwa kufungua uzi.

Fundi_Busia

Nnyabo kasema kweli. Funga uzi wa dumu, fungua wa ufagio.

Mama_Kisenyi

Jamani turudini kwenye dakika ya nne. Mtoto kapiga GOTI. Na ametuita wafugaji.

Kijana_Masindi

Baba Jinja, umesema aanike, hukusema wapi. Hapo ndipo mnapowaharibia watoto. Mtoto hafiki kwenye kamba, anatandaza nguo juu ya nyasi au kwenye ua, kivulini, unampongeza. Nzi wa maembe anataga mayai kwenye nguo mbichi. Mayai yanaanguliwa, nguo ikivaliwa buu linaingia kwenye ngozi, unaona kijipu mgongoni chenye tundu katikati. Watu wanasema surua!

Funga kamba ya pili, chini, usawa wa kifua cha mtoto, kwenye jua kali. Si gharama, ni mita chache za kamba.

Binti_Bombo

Na kupiga pasi pande zote mbili, hasa mishono na mpira wa chupi. Joto ndilo linaloua mayai.

Baba_Jinja

Pasi gani, ya makaa? Umpe mtoto wa miaka 10 pasi ya makaa? Kaa likidondoka shati limetoboka na mguu umeungua. Pasi ni ya mtu mzima. Umeme ukikatika, nguo zikunjwe zikiwa kavu kabisa, zikae wiki mbili bila kuvaliwa. Mabuu yatakufa yenyewe.

Nnyabo_Nakawa

Wiki mbili? Mtoto mwenye sare mbili atavaa nini, orodha ya mahitaji?

Kijana_Masindi

Avae iliyokauka juani. Nzi huyo anapenda kivuli na ubichi. Ikianikwa kwenye kamba saa tatu asubuhi, ikianuliwa kabla jua halijashuka, hatari inapungua sana. Tatizo ni nguo zinazosahaulika nje mpaka usiku.

Shangazi_Mengo

Nyinyi mnabishana juu ya nzi na mimi nataka kuuliza la maana. Watoto wa miaka 11 wafundishwe kumenya matooke, ndizi zetu za kupika, au bado? Hapa kuna mtu anasema utomvu unaharibu mikono.

Binti_Bombo

Shangazi, wafundishwe. Wapake mafuta ya kupikia viganjani kwanza, au wavae mifuko ya plastiki. Kisu kifupi kwao ni salama kuliko kirefu. Wakate ncha zote mbili, wapasue ganda kwa urefu, waliinue kwa ncha ya kisu. Iliyomenywa iingie kwenye maji hapo hapo isiwe nyeusi. Nguo ya zamani, kwa sababu doa la utomvu halitoki kirahisi.

Fundi_Busia

Kisu kifupi? Aliyezoea anamenya kwa kirefu, anasukuma kisu mbele, anamaliza mkungu mzima nyinyi mkiwa bado mnapaka mafuta.

Shangazi_Mengo

Fundi, nimeuliza kuhusu mtoto wa miaka 11, sijaomba mashindano. Binti Bombo, maji ya kulowekea yatiwe chumvi au hapana?