Waliorudishwa ofisini baada ya kuzoea kufanyia kazi nyumbani, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mlalahai wa Goba: Wakuu habari za jioni. Leo kazini kwetu imetembea memo, kuanzia tarehe moja wote ofisini siku tano, ile habari ya Jumatatu na Ijumaa kubaki home imekufa. Sababu waliyoandika eti "kuimarisha mshikamano". Mshikamano gani na mtu tunakaa naye meza moja na bado ananitumia meseji WhatsApp badala ya kugeuza shingo. Waliopitia haya waje, mliwezaje? Na mnaopenda ofisi pia karibuni, ila matusi wekeni pembeni.

Kipepeo Mweusi: Nimeona neno memo tu tumbo likavuruga.

Mama Pacha: Yangu sitaisahau. Nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi, zile siku 84 zimeisha, tukakubaliana na bosi kwa mdomo kwamba nafanyia kazi nyumbani mpaka mtoto aanze kula. Mhasibu mimi, kazi yote iko kwenye kompyuta, na hesabu za mwezi nilikuwa nafunga mapema kuliko nilipokuwa ofisini. Akaja meneja mpya. Alhamisi memo, Jumatatu wote ndani. Naishi Kibamba, ofisi Posta. Nikaomba binti wa jirani abaki na mtoto, usiku nakamua maziwa naweka kwenye friji, saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Ofisini pa kukamulia hakuna, nikawa naingia stoo ya makaratasi, mlango hauna komeo nauegemea kwa mgongo, mkono mmoja pampu mwingine simu maana wananipigia kuuliza niko wapi. Sheria inasema mama anayenyonyesha apewe hadi masaa mawili kwa siku, nilipowaambia HR wakacheka, wakasema yatoe kwenye muda wako wa lunchi.

Sasa siku yenyewe. Aprili, mvua imepiga toka usiku, saa kumi jioni tunasikia Jangwani imejaa, barabara imefungwa, mwendokasi hazivuki. Nikaomba kuondoka mapema, nikaambiwa tumalize kikao kwanza. Kikao chenyewe kilikuwa cha kupanga sherehe ya kukaribishana ofisini!! Natoka saa kumi na mbili, kituo cha Fire watu wamejaa kama maandamano, bodaboda anataka elfu ishirini na tano na hata hajui atapitia wapi. Maziwa yameshalowesha blauzi, nimejitanda mtandio kwa mbele kama nasikia baridi. Binti anapiga, dada chupa zimeisha, na kwa nyuma namsikia mtoto anavyolia mpaka sauti inakatika. Nikazungukia Kigogo, Mabibo, sijui wapi, nashuka hili napanda lile, nafika saa nne usiku nakuta mtoto ananyonyeshwa na mama wa nyumba ya pili ambaye naye ana kichanga chake. Nilimshukuru nikaingia bafuni nikalia. Mwezi uliofuata nikaandika barua ya kuacha kazi. Mtu asiniambie habari za mshikamano.

Kipepeo Mweusi: Pole sana dada. Hiyo ya stoo naijua, sisi tulikuwa tunatumia chumba cha seva, baridi kama mochwari.

Baba Naniliu: Daah.

Kibopa Mstaafu: Poleni, lakini tuambiane ukweli. Mimi nina kampuni ndogo, nalipia pango, nalipia mafuta ya jenereta, halafu mteja anapiga simu haipokelewi. Binti yuko kwenye kikao cha Zoom nasikia draya la saluni kwa nyuma, namuuliza, anasema ni feni bosi. Feni inayosema "dada inamisha kichwa"? Na hao Zoom wenyewe waliotajirika na watu kukaa nyumbani, mwaka 2023 waliwaambia wafanyakazi wanaoishi jirani na ofisi waje siku mbili kwa wiki. Amazon ndio kabisa, siku tano kuanzia Januari 2025. Hao nao hawajui biashara?

Toroli: Tulipe kama Amazon kwanza ndio uturudishe kama Amazon.

Kibopa Mstaafu: Kijana, mshahara unaendana na kazi.

Toroli: Kazi ilifanyika, au mteja alihama? Jibu hilo. Pango umelipia wewe kwa hiyo sisi tuje tukalie viti visioze.

Kibopa Mstaafu: Ndio maana hamtoboi.

Fundi Manzese: Naombeni nitofautiane na wengi. Mnaosifia nyumbani mna nyumba. Mimi nilikuwa na chumba na sebule Manzese, kazi yangu ni kuongea na wateja wa nje kwa simu kutwa nzima. Jirani wa kulia ana spika kubwa kuliko kitanda chake, kushoto kuna mama anauza chapati na wateja wanagombania foleni dirishani kwangu. Bando langu, LUKU yangu, na hakuna aliyerudisha hata mia. Ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinikuta humohumo, nikawa nakwenda kukaa kwenye ukumbi wa hoteli moja na soda yangu naivuta kidogokidogo mpaka mhudumu akaniletea maji ya bure kwa huruma. Umeme ulikuja kutulia baada ya bwawa la Nyerere kuwasha mtambo wa kwanza Februari 2024, lakini mtaani nilishakuwa na jina. Mtu mzima kutwa uko ndani, bukta, wanajua umefukuzwa kazi. Ukitokea msiba wewe ndio wa kwanza kuitwa kuchimba kaburi maana "yule yupo tu". Mwenyekiti wa mtaa alinipa kazi ya kukusanya michango ya taka. Siku waliyosema turudi ofisini niliamka saa tisa usiku kwa furaha. Kiyoyozi, chai ya bure, intaneti ya bosi. Nitawekwaje nyumbani tena mimi.

Mama Pacha: Hapo sikupingi, nyumba na nyumba. Ila ungepewa uchague, na mimi nichague.

Shuhuda Tabata: Mmenikumbusha jambo. Kazini kwetu corona ilipopoa kampuni ikaona ghorofa la Posta la nini, ikaachia, ikabaki na chumba kimoja cha mikutano, wote tukawa majumbani. Kuna jamaa wa mauzo hakumwambia mkewe. Kila asubuhi anapiga pasi shati, anabeba begi, anaaga watoto, huyo. Anaenda Tabata kwa mchepuko, kafunga meza na kiti cha kuzunguka kabisa, vikao vyote anafanyia huko. Sisi tunaona pazia la maua nyuma yake tunajua ndio kwake. Akaja bosi mpya, wote turudi. HR wakaanza kuhakiki namba za ndugu wa karibu, wakampigia mke: "Mume wako anarudi rasmi ofisini Jumatatu, tunahakiki tu namba hii." Mke akauliza, anarudi kutoka wapi?

Nakuja, naitwa.

Baba Naniliu: Wewe rudi hapa!!

Toroli: Nimeshaweka mkeka, siondoki.

Bi Mkora: Hii chai ina tangawizi. HR gani wa Bongo anapiga simu kwa ndugu kuhakiki namba.

Kipepeo Mweusi: Hata kama ni chai mimi nataka kikombe cha pili.

Karani Mtiifu: Wakati tunamsubiri. Mimi mtumishi wa umma, kwetu hiyo kitu ilikuja siku mbili tu, Januari 2025, ule mkutano wa nishati wa marais, barabara za mjini zimefungwa tukaambiwa walioko Dar wafanyie kazi nyumbani. Faili ziko kabatini, mfumo haufunguki nje ya ofisi. Nilifua mapazia. Siku ya kurudi bosi anataka ripoti ya utekelezaji, nikaandika "nilifuatilia masuala mbalimbali".

Mresh wa Rongai: Wabongo mnanifurahisha. Huku Nairobi bosi wetu alikuwa anasema kazi yetu haiwezi fanyika nyumbani hata kidogo, haiwezekani, usalama wa data. Maandamano ya Juni 2024 yakaanza, teargasi mpaka kwa lifti, saa kumi na moja asubuhi ujumbe ukaingia: kila mtu abaki kwake na afungue kompyuta saa mbili. Kumbe data iko salama tu. Moshi ukiisha, turudi, na nauli ya Rongai ikinyesha inapanda maradufu.

Toroli: Sawa na Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ilipokatika. Hata huko ofisini kurasa zilikuwa zinazunguka tu, lakini waliolaumiwa ni wa nyumbani.

Kibopa Mstaafu: Waliokuwa ofisini angalau niliwaona.

Toroli: Uliwaona wanafanya nini?

Shuhuda Tabata: Nimerudi. Mke hakugomba hata neno. Jumatatu akavaa akapendeza, akapika vitumbua, akamsindikiza mumewe mpaka mapokezi kwenye ofisi mpya, anatusalimia mmoja mmoja shemeji hujambo. Kisha akamgeukia mlinzi akamuuliza, kaka huyu mara ya mwisho ulimwona lini hapa? Mlinzi akamtazama jamaa juu mpaka chini, akamsogezea daftari: "Mgeni jiandikishe."

Baba Naniliu: 😂😂😂 Mlinzi apandishwe cheo.

Bi Mkora: Nasema chai.

Mama Pacha: Na vitumbua mlikula?

Shuhuda Tabata: Tulikula. Vilikuwa vitamu.

Mlalahai wa Goba: Jamani mimi bado nina memo yangu. Nifanyeje?

Kipepeo Mweusi: Omba kwa maandishi, taja siku mbili, onyesha kazi ulizokamilisha ukiwa home. Usiende kuongea kwa mdomo.

Fundi Manzese: Nenda ofisini ule kiyoyozi.

Karani Mtiifu: Usiache kazi kwa hasira. Wakikuachisha bila utaratibu una siku 30 kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, zikipita unaanza kuomba huruma. Na masaa ya kawaida kisheria ni 45 kwa wiki, ila foleni ya Goba haihesabiwi, nilishauliza.

Baba Naniliu: Nunua pikipiki.

Bi Mkora: Asinunue, wodi ya mifupa imejaa. Hamia Kigamboni.

Baba Naniliu: Umewahi kusubiri pantoni wewe?

Mlalahai wa Goba: Mwenye chumba cha kupanga Ilala au Kariakoo kisichozidi laki na nusu, choo cha ndani, anicheki inbox.

Toroli: Laki na nusu Kariakoo utapewa hicho choo peke yake.